Kaniki Juu ya Taa Nyekundu

Xiaobei, Guangzhou
12 Aprili 2025

Mke wangu Dalila,

Kaka yako Harun amenitumia picha tatu za mtoto. Moja ina ukungu, moja ni ya kidole gumba chake mwenyewe, na ya tatu inaonyesha mkono mdogo uliokunjwa ngumi, kama mtu anayedai haki yake. Hiyo ya tatu nimeitazama kutwa. Kazini nilikuwa napima maboksi ya wafanyabiashara yanayosubiri kontena, nikaandika urefu mahali pa upana, na bosi wangu akaniambia, "Haidar, leo umekuwa baba, nenda nyumbani." Sikwenda. Nyumbani gani? Nyumbani kwangu ni huko mliko.

Jina nimelikubali. Aitwe Sihaba, kama mama yangu anavyotaka. Basi kuanzia leo wewe ni Mama Sihaba, na mimi nimepanda cheo bila kufanya kazi yoyote.

Najua ungependa tuzungumze kwa simu, lakini huko Kidutani mtandao unameza kila neno la pili, na mimi nimechoka kupiga kelele za "halo, halo" mpaka majirani Wachina wananigongea ukuta. Tuendelee kama tulivyofanya wakati wa uchumba. Wewe andika, Harun akienda mjini Wete atapiga picha karatasi na kunitumia. Mimi nitaandika, naye atachapisha pale steshenari na kukuletea. Tena barua unaweza kuilalia chini ya mto, simu hailaliwi.

Sasa nisikilize kuhusu umeme. Umejifungua masika, na kwa mawingu hayo paneli ya juu ya paa haishibi. Betri iliyo chini ya kitanda si kubwa. Kile kiboksi alichokigongomea fundi Msabaha ukutani ndicho kontrola, mlinzi wa betri. Kina vitaa vitatu. Kijani, betri imeshiba. Njano, inapungua. Nyekundu, imefika pabaya, na hapo kontrola yenyewe inakata taa ya chumbani. Usidhani imeharibika! Inakata ili kuinusuru betri, maana betri ya aina hii ukiikamua mpaka tone la mwisho haifi siku hiyohiyo, ila hairudi tena ilivyokuwa. Ukiikamua hivyo mara kwa mara, ndiyo basi. Kwa hiyo taa ikizimika, vumilieni mpaka jua litoke. Mwambie na Mama.

Mimi huku nina shida kinyume na yenu. Mabango ya maduka ya barabara ya Huanshi Zhonglu yanawaka usiku kucha na yote yanaingia chumbani kwangu. Nimetundika kanga yako dirishani ndipo nipate usingizi. Kanga imefaa kuliko pazia, na inanukia udi wako bado.

Wako,
Haidar, baba Sihaba

*

Kidutani, Pemba
17 Aprili 2025

Baba Sihaba,

Kwanza pole kwa kidole cha Harun. Nimemkanya.

Mtoto hajambo. Ananyonya kama ana miadi mahali. Nywele ni zako, masikio ni ya Mama, na sauti sijui kaitoa wapi, maana kwetu hakuna anayelia hivyo. Mimi pia sijambo, nakunywa uji wa pilipili manga mpaka natokwa jasho, na Mama ananikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni bila huruma. Namwambia inaniuma, ananiambia ndiyo dawa.

Mama hatoki chumbani humu. Ametandika mkeka wake ubavuni mwa kitanda changu na amesema hautakunjwa mpaka arobaini ya mtoto itimie. Unamjua mama yako. Mtoto haachwi peke yake, hatolewi nje jua likizama, na juu ya yote haachwi gizani. Hilo la giza ndilo kubwa kuliko yote. Hata nikienda kunawa lazima nimwambie nani amebaki na taa.

Kuhusu taa yenyewe, usijali. Inawaka usiku kucha, haijazimika hata mara moja. Ile nambari ya kwenye kiboksi uliyomwomba Harun nitaisoma nikipata nafasi. Sasa hivi sifikii, mtoto yuko mapajani.

Mvua haijanyamaza tangu Ijumaa. Kanga yangu usiifue.

Mkeo,
Dalila

*

Xiaobei, Guangzhou
24 Aprili 2025

Dalila,

Nilipoisoma barua yako nilifurahi, halafu nikaanza kujiuliza. Mvua haijanyamaza tangu Ijumaa, na taa inawaka usiku kucha haizimiki. Inawezekanaje? Ndipo nikamwomba Harun aingie apige picha ya kiboksi, na picha hiyo ninayo mbele yangu. Kioo kinasomeka volti kumi nukta nne.

Kontrola ile haiwezi kuruhusu betri ifike kumi nukta nne. Hukata mapema kabla ya hapo. Ikifika huko maana yake ni moja tu, kuna mtu ameiruka kontrola akafunga waya moja kwa moja kwenye betri. Na wa kuonyeshwa jinsi kiboksi kinavyofanya kazi nyumbani hapo ulikuwa wewe.

Umewasha nini? Harun ameniambia wanawake wanakuja kumwona mtoto makundi kwa makundi, na kila mmoja ana simu ya kuchaji. Ameniambia pia dada yako ameleta televisheni yake. Mimi simkatazi mtu kutazama tamthilia, lakini si kwa betri ya mwanangu! Nilikuandikia kila kitu, nikakueleza taa kwa taa, na wewe ukanijibu "usijali". Ningejua unanificha nisingehangaika kuandika.

Labda hujui uzito wake. Betri haipandi ndege, wanaikamata uwanjani. Ni meli tu, na kontena likiondoka hapa kesho litafika Zanzibar arobaini imeshapita. Hiyo mnayoikamua ndiyo hiyohiyo, nyingine hakuna, na ya dukani huko bei yake siiwezi. Ikifa, Sihaba atamaliza arobaini yake kwenye moshi wa kibatari.

Haidar

*

Kidutani, Pemba
27 Aprili 2025

Haidar,

Umeuliza nimewasha nini. Nimewasha taa ya mwanao.

Televisheni ya dada yangu ingali kwenye boksi lake, na simu za wageni nimezirudisha zote. Jana jioni balbu imefifia ikawa njano, ikawa kama kaa la moto, ikafa. Kiboksi nacho hakionyeshi nambari wala kitaa. Kwa hiyo usijisumbue kumtuma Harun na kamera, hakuna cha kupiga.

Tuna kibatari. Mtoto ana mafua kidogo. Mama amekaa anakishika kwa mkono kisianguke kwenye chandarua, na amekataa nimpokee.

Dalila

*

Kidutani, Pemba
1 Mei 2025

Mwanangu Haidar,

Anayeandika ni Msabaha, fundi wa redio, kwani mimi nasoma msahafu tu, hizi herufi zenu sikufundishwa. Dalila hajui kama nakuandikia. Amelala, na amelala analia. Barua yako aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mto, hakunisomea. Lakini mimi nimezaa watoto sita, huwezi kunificha uso wa mtu aliyetukanwa.

Basi sikia. Mwenye makosa ni mimi, na kama ni kosa basi nalipenda. Taa ilizimika mvua ya kwanza tu. Mtoto akashtuka, akalia, chumba kikawa kaburi. Dalila akaniambia, "Mama, Haidar kasema tuvumilie." Nikamwambia, avumilie yeye huko kwenye mataa. Nikamwita Msabaha, nikamwambia nataka taa iwake. Akaniambia kiboksi kinakataa. Nikamwambia, basi kiache kiboksi, pita kando. Akapita kando.

(Mimi Msabaha naandika ninavyoambiwa. Nilimweleza Mama kuwa betri itaumia. Aliniuliza kama mimi nimewahi kuzaa. Nikafunga waya.)

Dalila alitaka kukuandikia ukweli, nikamkataza. Nilisema tutafungua waya jua likitoka, na jua halikutoka. Mkeo hana kosa ila la kumheshimu mkwewe.

Na kuna jambo jingine. Taa iliwaka, lakini kile kitaa chekundu hakikuzimika. Kikabaki ukutani kinamtumbulia mtoto macho. Huyu mtoto nimempaka wanja mpaka kwenye nyayo kwa kuogopa jicho, halafu nimwekee jicho jekundu chumbani, tena la kuagizwa kwa meli? Nikachukua kipande cha kaniki, nikakifunika na kukifunga uzi. Msabaha ananiambia sasa kuwa kile ndicho kilichokuwa kinalia kwa niaba ya betri, na mimi nimekiziba mdomo. Angeniambia siku ile.

(Nilimwambia siku ile.)

Haidar, mwanangu. Unamkumbuka yule mtoto wenu wa kwanza. Wewe ulikuwa huko huko China, tulikwambia homa, na kweli ilikuwa homa, daktari alisema na mimi sibishani na daktari. Lakini hatukukwambia yote. Mafuta ya taa yalikwisha, mvua ilikuwa kama hii, duka limefungwa. Alipoondoka tulikuwa gizani. Mimi ndiye niliyempakata. Nilimpapasa pua, nikampapasa kinywa, nikajua kwa vidole. Uso wake sikuuona mpaka kulipokucha, na ulikuwa si wake tena.

Mimi sishindani na betri yako. Mimi nataka kumwona mtoto uso. Basi.

Mwandikie mkeo kwa adabu.

Mamako,
Faudhia

(Na mimi fundi, naomba unielekeze cha kufanya. Betri nimeitoa iko kwangu, haijavimba.)

*

Xiaobei, Guangzhou
3 Mei 2025

Mama Sihaba, mpenzi wangu,

Sijui nianzie wapi. Nimeandika karatasi mbili nikazichana, hii ya tatu hata ikiwa mbaya nitaituma.

Mama ameniandikia. Ameniambia yote, na ya yule mwanetu wa kwanza pia. Nilikaa kitandani nimeishika simu yenye barua hiyo mpaka nikachelewa kazini. Miaka yote nimekuwa nikisema "ilikuwa homa", kama jambo lililotokea mahali pakavu penye mwanga. Nyinyi mlikuwa gizani mnapapasa, na mimi nilikuwa huku nalalamika mabango yananikosesha usingizi.

Na wewe nilikushambulia. Nilikusingizia televisheni! Ulikuwa unamsitiri mama yangu, nami nikakufanya mwizi wa betri. Nisamehe, Dalila. Nakuomba kwa maneno haya haya bila kuyapamba. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu ikatafuta mtu wa karibu wa kumpiga. Sitarudia kukuandikia hivyo, na nikirudia, mpe Mama barua aijibu yeye.

Sasa nikueleze nilichofanya. Jana nilikwenda Dengfeng, kwenye duka lile lile nilikonunua vitu vyetu. Huku kila mwenye duka tunamwita laoban, na huyu ni mama mtu mzima, anatuuzia Waswahili siku nyingi, anajua "rafiki", "bei nzuri" na "hapana". Nikamwambia nataka kontrola isiyo na taa nyekundu. Iwe kijani, iwe bluu, iwe yoyote ile.

"Nyekundu *bu yao*?" akaniuliza. *Bu yao* ni sitaki, ndilo neno la kwanza analojifunza kila mfanyabiashara sokoni huku.

"*Bu yao*, laoban. Mama yangu anaiogopa. Kuna mtoto mchanga chumbani."

Aliponisikia nikitaja mtoto mchanga alipiga makofi. Akatoa simu inayotafsiri, akaanza kuongea nayo kwa kasi, na simu ikanisomea kwa Kiswahili chake kibovu: "Wewe mjinga. Mtoto na nyekundu ni marafiki." Akanionyesha picha za mjukuu wake. Mtoto wao akitimiza mwezi, wanachemsha mayai, wanayapaka rangi nyekundu, wanagawa kwa jamaa pamoja na tangawizi. Nguo nyekundu, uzi mwekundu mkononi, karatasi nyekundu mlangoni. Kwao nyekundu ndiyo inayofukuza balaa. Nikasimama pale kati ya paneli na nyaya, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na sehemu ya machozi hayo haikuwa ya kicheko.

Kontrola isiyo na nyekundu hana. Akanipa vitu vingine. Anayevileta ni Dullah, mfanyabiashara mwenzetu, anaruka Jumatano na mizigo ya nguo alizonunua mtaa wa Zhanqian Road, na Harun atampokea. Ni balbu ndogo ya wati moja. Ile mliyokuwa nayo ni ya wati tisa, inafaa kusomea watu wazima, si kulaza mtoto. Kosa hilo ni langu, nilinunua kubwa kwa kutaka sifa. Kwa balbu hii ndogo, betri hata ikiwa mgonjwa itawachukua mbali.

Mwambie Msabaha hivi. Asirudishe taa wala chochote kinachokula umeme kwenye betri kwanza. Aiunganishe na paneli kupitia kontrola, aiache inywe kila jua litakalotokeza, siku nyingi kadiri mtakavyoweza kuvumilia kibatari. Ikishaonyesha kijani ndipo afunge balbu, na aifunge kwenye kontrola, si kando. Halafu abonyeze kitufe cha kontrola apandishe kidogo nambari ya kukatia, ili taa ikatwe mapema zaidi ya zamani. Betri iliyoumia haistahimili kushuka sana. Haitarudi ilivyokuwa, lakini ikilindwa itafika.

Mafua ya mtoto vipi? Niandikie hata mstari mmoja. Hata ukiwa wa kunitukana.

Wako, mwenye aibu,
Haidar

*

Xiaobei, Guangzhou
4 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimemwandikia mkwe wako kwa adabu, kama ulivyoagiza. Msabaha asikusomee hii kwa haraka, akusomee polepole.

Sikukasirikia waya, Mama. Ningekuwa mimi pale, na mtoto analia, labda mimi mwenyewe ningeufunga. Nilikuwa mbali, na mtu aliye mbali huona betri tu, haoni mtoto.

Kuna uzi mwekundu kwenye kifurushi. Umetoka kwa mama mmoja wa hapa mwenye duka, amesema ni wa mjukuu wako, afungwe mkononi. Usiseme nimemletea mtoto hirizi ya Kichina. Ni zawadi tu. Ukiona haifai, usimfunge.

Ninakuomba jambo moja. Kiboksi kitakata tena, kwa mvua hizo hakina budi. Kikikata, usimwite Msabaha. Kitakuwa kimekata kikiwa bado kimebakiza kitu ndani, na hicho kilichobaki ndicho kitakachowasha taa siku inayofuata. Ukikikamua tena safari hii hakutakuwa na siku inayofuata.

Najua ninachokuomba. Ninakuomba ukae gizani na mtoto, wewe. Nisingekuomba kama ningekuwa na njia nyingine.

Mwanao,
Haidar

*

Kidutani, Pemba
12 Mei 2025

Baba Sihaba,

Nilikuwa nimepanga nikununie mpaka mwisho wa masika, lakini Sihaba amecheka leo. Mama anasema si kicheko, ni gesi. Mimi nimeamua ni kicheko, na sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia ila wewe. Basi nimekusamehe, kwa sababu ya gesi.

Mafua yamekwisha, alhamdulillahi. Kifurushi kimefika. Balbu yako ni ndogo mno, Mama alipoiona aliuliza mama yake yuko wapi. Lakini tulipoiwasha ikatosha. Inatoa mwanga wa kutosha kuona mtoto alipolala na kumwona Mama akisinzia huku akikataa kuwa anasinzia. Betri ilinyweshwa jua wiki nzima hivi kabla hatujaiwasha. Siku zile za kibatari zilikuwa ndefu, sitaki kuzieleza. Pua za wote watatu zilikuwa nyeusi ndani.

Msabaha amefunga kila kitu kama ulivyosema. Anasema betri inajaa upesi na kuisha upesi, si kama zamani. Kitaa cha njano kinawaka mapema kila siku. Mimi nakichungulia kwa siri, kwa sababu Mama amekifunika tena. Uzi mwekundu aliugeuzageuza, akaunusa, akasema "Huyo bibi ana nia njema," halafu akaufunga kwenye mguu wa kitanda. Kwenye mkono wa mtoto hapana. Lakini kwenye kitanda umekubaliwa. Kaniki nayo iko pale pale juu ya kiboksi, na ukiigusa unajitafutia maneno.

Barua uliyomwandikia Mama alisomewa mara mbili. Ile sehemu ya kukaa gizani aliisikiliza, akaendelea kuchambua mchele. Sijui atafanya nini, Haidar, nakwambia kweli. Msabaha amesafiri Chake kwa kaka yake, lakini waya wake ameuacha kwenye kopo jikoni, na Mama anajua ulipo. Nimemwona akilitazama kopo lile. Nimefikiria kulificha. Nimeona nikilificha nitakuwa nimemfanya mtoto, na mama yako si mtoto. Nimeliacha.

Arobaini iko mbele kidogo tu. Mvua imerudi na nguvu, paneli haijaona jua. Niombee, na mimi nakuombea. Kanga bado iko dirishani?

Mkeo, ambaye hakununii tena,
Dalila

*

Kidutani, Pemba
20 Mei 2025

Mwanangu Haidar,

Leo anayeandika ni mkeo. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitengenezee.

Arobaini ya mjukuu wangu imetimia jana. Amenyolewa, ameogeshwa, ametolewa nje mchana kweupe, akaonyeshwa ua, kisima, jiko na mbuzi wa jirani. Alikunja uso kwa jua. Wanawake wamekula, wamesoma maulidi, wamekuombea dua na wewe. Mkeo alivaa ile nguo ya kijani. (Ananifanya niandike kuwa nilipendeza. Nilipendeza.)

Sasa nikupe habari ya usiku uliotangulia, ambayo hata huyu anayeandika hajaisikia yote.

Mvua ilikuwa imeshinda siku zote hizo. Nilijua taa haitafika asubuhi. Dalila alikuwa amechoka, nikamwambia alale, mimi niko. Karibu na adhana ya alfajiri nikasikia "ta" kwenye kiboksi, na balbu ikazimika. Giza likaja lote kwa mara moja. Nikasikia mvua juu ya bati kama ya siku ile. Nikanyoosha mkono kitandani, nikampapasa mtoto, na vidole vyangu vikakumbuka, Haidar. Vilikumbuka kabla yangu.

Nikainuka kwenda jikoni kwenye kopo la waya. Fundi hayupo, lakini nilikwisha kumwona anavyofanya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Sikuwa namwita Msabaha, kwa hiyo neno lako nilikuwa silivunji. (Nimemtazama hapa. Amesema niandike tu.)

Kufika mlangoni nikakumbuka kuwa nikienda jikoni namwacha mtoto gizani na mama yake amelala. Hilo silifanyi. Nikarudi. Nikasimama katikati ya chumba, siwezi kwenda wala siwezi kukaa, mtu mzima mimi. Nikatafuta ukuta wa kuegemea, mkono wangu ukaangukia kwenye kaniki.

Nikajisemea, kama ni jicho, basi na linitazame mimi kwanza. Nikaivuta.

Mwanangu, kile kitu ni kidogo. Kidogo kuliko punje ya mtama. Mchana hata hukioni. Lakini kwenye giza lile kilijaza chumba. Nikaona nguzo za kitanda. Nikaona mkono wa Dalila umening'inia. Nikamchukua mtoto, nikaketi naye chini ya kiboksi nimeegemea ukuta, nikamgeuza upande wa mwanga.

Nikamwona uso.

Amefumba macho, kinywa kinanyonya titi la ndotoni. Pua inapanuka na kushuka. Nilimtazama mpaka adhana, nilimtazama mpaka kukapambazuka, na kile kitaa hakikuchoka. Balbu ilikuwa imekatwa na chenyewe kinaendelea. Huyu mkeo ananiambia kinakula umeme mdogo sana hata betri haihisi. Mimi nilijua hivyo kabla hajaniambia, kwa kuwa nilikaa nacho.

(Haidar, nilipoamka niliwakuta wote wawili chini ya kiboksi. Mama alikuwa amelala. Amelala kweli, ameachama mdomo, na mtoto kifuani mwake macho yamemtoka anaitazama dari. Kaniki ilikuwa kwenye ngumi ya Mama. Sikuwaamsha. Tangu yule wa kwanza sikuwahi kumwona Mama akilala mvua ikinyesha.)

Waya wa Msabaha nimemrudishia. Nimemwambia safari nyingine nikimwita kwa jambo la kijinga akatae, hata nikimuuliza kama amezaa. Betri mgonjwa hivyo hivyo, lakini jana jua limetoka na taa yako ndogo imewaka.

Usinitumie kontrola ya kijani wala ya bluu. Mpelekee salamu yule bibi wa dukani, mwambie nimekubaliana naye nusu. Uzi umebaki mguuni mwa kitanda. Kaniki nimeifua, namfungia mtoto mgongoni nikifagia.

Mkeka wangu nimeukunja. Leo nalala chumbani kwangu. Na wewe ondoa kanga ya watu dirishani, uitie kwenye begi, uje nayo. Mtoto anatambua nyuso sasa, na wako bado hajauona.

Mamako,
Faudhia